Mgomba wa Maji ya Kuoga

Mama alipoteremka kutoka Suji, kwetu milimani, kuja kukaa kwangu Same, alileta begi moja, na begi lile hakulipangua. Lilisimama nyuma ya mlango wa chumba chake kama abiria anayesubiri basi. Asubuhi alichomoa gauni, na likishafuliwa alilikunja akalirudisha humo humo, akafunga zipu. Alikuwa ameteleza kwenye njia ya mtoni, goti likavimba kama boga la maonyesho, na sisi watoto wake tukakubaliana kwamba mlima ule haumfai tena. Yeye hakukubaliana na mtu.

Hakutulia. Alikaa, akainuka, akachungulia uani, akarudi kukaa. Kwetu hapa tambarare jua la mchana linakaanga yai juu ya bati, na uani hapakuwa na kitu cha kijani isipokuwa ndoo. Alimlalamikia mke wangu kwamba hapana hata pa kumwagia maji ya vyombo. Milimani maji hayo hayamwagwi ovyo, yana mwenyewe, na mwenyewe ni mgomba ulio nyuma ya nyumba. Kisha akaniambia bila hasira kwamba goti likipona anarudi kwake.

Na goti lilikuwa linapona. Usingizi ukanihama.

Jumamosi nikapanda Suji kumletea mgomba wake. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu na watoto, na katika biolojia yote kilichonikaa kichwani ni mgomba. Kile tunachokiita shina ni majani yaliyokumbatiana tu. Shina lenyewe limejificha ardhini, ndilo lile tunguu. Ndizi zetu za kula hazina mbegu ya kupanda, kwa hiyo mgomba huzaa kwa kutoa machipukizi ubavuni. Nilimweleza kaka yangu hayo yote shambani kwa mama, kwa muda ambao mtu angelima kijiji kizima. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa utachimba, au kuna sadaka kwanza?"

Tukachagua chipukizi lenye majani membamba kama mkuki. Yenye majani mapana hupendeza macho, lakini mkungu wake ni wa kuonea aibu. Tukalitenga na mama yake kwa sururu, likatoka na tunguu lake, nikaliviringisha kwenye kiroba.

Mama alilipokea mlangoni, akalinusa. Akalikata majani, akaniamuru nichimbe pale maji ya bafuni yanapotokea. Nikachimba shimo la kumeza trekta. Jirani yetu, mama wa Kimaasai mwenye ng'ombe, akatuletea samadi, akauliza kama hicho kitu ng'ombe wanakila. Mama akamjibu wanakila sana, kwa hiyo wasisogee.

Basi tukaanza kuoga. Tulioga asubuhi, tulioga mchana, ngozi zikabaki nyembamba kama karatasi ya maandazi. Mgeni akija kusalimia, kabla hajamaliza shikamoo nimeshamshikisha ndoo. Mke wangu akasema kesho nitaleta kwaya nzima ya kanisa ije ioge.

Chipukizi likanyamaza. Lile gome la nje likakauka, likawa rangi ya gunia. Nilienda kuliangalia kabla ya chai na baada ya chai. Nikipiga mswaki nalitazama. Nikivaa viatu vya kazini navivua, narudi uani. Nikaanza kuparua udongo kwa kidole nione kama mizizi imeshika.

"Umeligusa tena?" mama akauliza kutoka dirishani.

"Nimelisalimia tu, mama."

"Liache. Na likikataa, mwanangu, usinizuie njia."

Asubuhi moja pale katikati, palipokatwa, pakachomoza jani jipya limejisokota kama mkeka unaopelekwa sokoni. Nikaita nyumba nzima. Mama akaja taratibu na goti lake, akainama, akalitazama. "Limeishi," akasema, "lakini bado halijakaa. Mgomba hukaa ukizaa." Akarudi ndani, nikasikia zipu ya begi ikifungwa. Kwa hiyo nikawa na kazi mpya ya kutotulia: kusubiri watoto wa mgomba.

Mvua za vuli zikaja kwa mara ya kwanza bila kutudanganya. Jani likafuatwa na jani, mgomba ukapita ukuta wa bafu, na chini yake machipukizi yakatoboa udongo kila upande kama yamesikia kuna harusi. Mama akatoka na panga. Akabakiza moja tu, la upande unaotazama milima, ndilo litakalorithi, kwa sababu mgomba huzaa mkungu mmoja kisha hukatwa. Mengine akayafyeka, isipokuwa moja nene aliloling'oa mzima mzima na tunguu lake.

"Hili la jirani," akasema. "Leta kiroba, mizizi isipigwe jua."

Kiroba kilishaoza zamani. Nikazunguka jikoni, nikazunguka stoo, sikuona kitu. Mama akachoka kunisubiri, akaingia chumbani, akatoka na begi lake likiwa tupu, akalitumbukiza chipukizi humo na matope yake yote, akavuka kwenda kwa jirani.

Nguo zake alikuwa amezitupa kitandani. Nikazibeba zote kwa mara moja, nikazipanga kabatini haraka haraka, kabla hajarudi.