Gari Lililokosa Nyayo za Mbele

Hebu mwone Robow anavyofika. Ni mchana wa Isiolo, mwaka wa sabini na tisa, upepo umeamka, naye anatoka kwenye malori amebeba bati la alumini kichwani. Upepo umelishika. Robow anakwenda upepo unakotaka kabla ya kwenda anakotaka yeye.

"Fundi, tupungie mkono ukifika Garissa!" wauza mbuzi wanamcheka.

Naye anacheka, lakini macho yako juu kwenye bati, kama mtu anayemsikiliza mgeni ambaye lugha yake bado haielewi.

Robow alikuwa fundi wa bodi. Babu yake alikuja na jeshi la Waingereza akabaki hapa, baba yake akanunua lori, na Robow akajifunza kunyoosha milango ya malori yaliyogongwa. Angezeeka na kazi hiyo tu, kama si Kalicha, ndugu wa mkewe Qabale. Kalicha alikuwa dereva wa lori la ng'ombe, na mapenzi yake yote yalikuwa kwenye gari la mashindano alilojiundia: kiti kimoja, injini nyuma, magurudumu manne yote nje kama miguu ya panzi.

"Shemeji," alimwambia, "hii kitu iko uchi. Ivalishe nguo. Nataka kuipeleka mashindano ya Nakuru."

Basi Robow akaanza kuivalisha. Siku moja akanunua misumari, na gazeti ilimofungiwa lilikuwa na picha ya gari kama lile, la Ulaya, lenye bawa puani na bawa mkiani. Misumari ikamwagika chini, hakuiokota. Ndege ina mabawa ili iruke. Sasa gari linataka kuruka liende wapi?

Picha ilikuwa na madoadoa, umbo halikuonekana. Robow akaenda uwanja wa ndege, ambako ndege ndogo hutua kwenye murram, udongo wa changarawe, akaanza kupapasa bawa la mojawapo. Lomuria, askari wa pale, akamjia.

"Wewe, unapima ndege ya wenyewe kama fundi cherehani. Unaishonea suruali?"

"Natafuta mgongo wake, bwana."

"Mgongo ni huo. Tazama, usiguse."

Robow akatazama. Juu limeumuka, chini limenyooka. Akarudi gereji, akaligonga bati lake hadi likawa vivyo hivyo, akalifunga kwenye pua ya gari.

Lomuria aliwaruhusu kulijaribu pale uwanjani, mradi wafukuze mbuzi kwanza. Kalicha akaliwasha. Lilikwenda vizuri, likaongeza mwendo, kisha ghafla akapunguza. Alishuka uso umejaa vumbi.

"Usukani umekuwa mwepesi kama wa kuchezea watoto. Nageuza, gari haisikii."

Halafu akafanya anachofanya mtu wa kwao ngamia akipotea: akarudi kwa miguu, akisoma nyayo. Matairi ya nyuma yalikuwa yameachana zaidi kuliko ya mbele, kwa hiyo kila jozi ilikuwa imeacha njia yake. Robow alimfuata.

"Tazama, shemeji. Hapa ngamia amebeba. Hapa amepunguziwa mzigo. Na hapa..." Kalicha akachutama. Kwenye njia ya matairi ya mbele vumbi lilikuwa limekwaruzwa tu. "Hapa mbele hakuna mtu."

Habari ilimfikia Qabale kabla ya chai.

"Baba Maryan," alimwambia mumewe, "ndugu yangu ni mmoja tu. Nakuru haendi mpaka nione kwa macho yangu nyayo zote nne."

Robow aliamini upepo unaingia chini ya pua na kuisukuma juu. Akaziba chini ya pua, wapi, nyayo za mbele bado zikakosekana. Alikuwa akilifikiria hilo walipokwenda Kulamawe kumsaidia mama yake Qabale kujenga nyumba, ile ya mviringo, fito zilizopindwa na mikeka juu. Kazi ikiwa katikati, upepo ukavuma. Robow akakimbilia upande upepo unakotokea, akaegemea mkeka kwa mwili wote.

Qabale alicheka mpaka akashika kiuno. "Unashika nini huko? Hapo upepo wenyewe unakushikia! Njoo na kamba, tufunge mgongoni!"

Robow akainua macho. Juu kabisa, kwenye mgongo wa nyumba, mkeka ulikuwa ukifura kuelekea mbinguni, na wanawake wanaurushia kamba zenye mawe.

"Mama Maryan, nani anausukuma huu mkeka?"

"Upepo, nani mwingine?"

"Upepo uko nje. Na mkeka unakwenda huko huko nje. Hausukumwi huu. Unavutwa!"

"Vuta kamba kwanza, maswali baadaye."

Alivuta kamba, lakini akili ilikuwa Isiolo. Upepo ukikimbia juu ya kitu kilichoumuka, hukinyonya upande ule wa mgongo. Na yeye alikuwa ameelekeza mgongo juu. Alikuwa amemjengea shemeji yake nyumba bila kamba.

Waliporudi akafungua skrubu, akalipindua bawa, mgongo ukatazama ardhi.

"Shemeji, si ni lile lile?" Kalicha akauliza. "Umelifudikiza tu kama sufuria?"

"Kama sufuria. Lakini usikimbilie kuamini. Ongeza mwendo polepole."

Qabale alikuja mwenyewe uwanjani. Gari lilipopita na kurudi, alikusanya pindo la dera lake, akazifuata nyayo mpaka mwisho, akainama, akaweka kiganja ndani ya njia ya tairi la mbele.

"Hapa amebeba," akasema. "Na hapa, alipokimbia sana, amebeba zaidi. Kwani mlimpakia nini njiani?"

Akamgeukia ndugu yake. "Nenda. Na urudi na masikio yote mawili."

Kalicha alikwenda Nakuru. Hakuwa wa kwanza, hakuwa wa mwisho, na masikio aliyarudisha yote mawili. Miaka ya themanini yote Robow aliendelea kunyoosha milango ya malori, bawa lile likining'inia ukutani, na kila mteja aliyeuliza ni la nini alichelewa kuondoka.

Sasa wewe, siku upepo ukikukuta njiani na bati kichwani, utasema unakusukuma, au utatazama kwanza mgongo wa bati uko upande gani?