Marehemu Hasimamishi Picha

Marehemu alikuwa hai, mzima wa afya, ukiacha sikio la kushoto. Jina hilo alibandikwa na watu wa filamu kwa sababu kazi yake ilikuwa kufa. Alishachomwa visu, akapigwa risasi za mgongo, akasukumwa kutoka ghorofani, akazamishwa kichwa kwenye pipa la maji mpaka miguu ikaacha kurusha mateke. Ukimwona kwenye filamu amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, usihangaike kulikariri jina lake, hafiki mbali. Watoto wa mtaani walimwamkia, "Shikamoo, Marehemu," naye aliitikia kwa raha zake, maana wangapi wanaamkiwa na hawajulikani wanafanya kazi gani?

Sikio lilikwenda zamani, kwa kofi. Kofi la filamu halifiki shavuni. Mpigaji hupitisha kiganja mbele ya pua, mpigwaji hugeuza kichwa wakati huohuo, na mtu aliyesimama nje ya picha hupiga makofi mara moja ili mlio upatikane. Anayepigwa ndiye anayeongoza, mpigaji anafuata tu. Lakini siku hiyo mpigaji alikuwa na hasira zake za nyumbani, na kiganja kikafika. Kitu kilipasuka ndani ya kichwa cha Marehemu, ukuta ukaja juu, sakafu ikaenda pembeni, na damu ya moto ikateremka shingoni mpaka ndani ya kola. Kamera ilikuwa bado inaenda. Akaanguka pale alipotakiwa kuanguka, akafa vizuri.

Mwongozaji wa enzi zile alimwinua mwenyewe, akamwonyesha kwa wote: "Mmeona? Huyu ndiye mwigizaji. Hakusimamisha picha."

Basi hayo yakawa dini yake. Tangu hapo palipohitajika maiti aliitwa yeye, na kila alipopigwa aliwapa upande wa kushoto, ambao haukuwa tena na cha kupoteza. Mimi naona walimwibia sikio wakamlipa kwa sifa, naye akashukuru. Ila ungemwambia hivyo mwenyewe, angekununia wiki nzima.

Marehemu alikuwa na dada mkubwa, fundi cherehani, mwenye mashoto. Mkono huo wa kushoto ndio uliomlea baada ya mama yao kufariki: ulimlisha, ulimwogesha, na alipozidi utundu ulimzaba vibao vya upande wa kulia ambao kwa wengine huwa salama. Dada huyo alikuwa na binti mmoja tu. Mjomba mtu alimwita Machachari, kwa sababu hata akiwa amekaa alikuwa kama anacheza. Machachari akaitaka filamu kufa kupona, na haikupita muda akapata nafasi: shahidi anayenyongwa sebuleni. Tena alipewa na maneno ya kusema kabla ya kufa. Mjomba wake, miaka yote hiyo, neno alilowahi kuandikiwa ni "Aah!"

"Mimi mambo yenu ya kuuana siyajui," dada alimwambia Marehemu, sindano iko mdomoni. "Ninachojua nimekukabidhi mtoto. Umrudishe kama ulivyomchukua."

"Dada, tutakuwa chumba kimoja. Mimi ndiye mlinzi wa nyumba. Nitakuwa nimeshakufa palepale ubavuni mwake."

"Ndiyo maana nina wasiwasi."

Wakasogeza cherehani ukutani, Marehemu akamfundisha mpwa wake palepale juu ya vipande vya kitambaa. Akamwambia usile ukashiba siku ya kuanguka. Fika mapema, wasalimie wanaobeba taa, maana taa ikiangukia upande wako wao ndio watakaokuvuta. Usibishane na mwongozaji mbele za watu, mfuate pembeni. Kisha akamlaza chali, akaweka mikono yake juu ya mifupa ya bega la binti, mbali na koo.

"Sasa nishike viganja. Nivute kwako. Wewe ndiye unayejinyonga, mimi navuta kurudi nyuma. Kwenye kamera itaonekana nakukandamiza. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mjomba." Akajinyonga, akakoroma, akatoa macho, mpaka mama yake akageuka upande wa pili.

"Vizuri. Na ukizidiwa kweli, mpige mkononi mara mbili, pa-pa. Hiyo ndiyo alama, kila mtu kwenye kazi anaijua. Akiisikia anaachia."

Angeishia hapo, hadithi hii isingekuwepo. Lakini kichwa kilikuwa kimemvimba kwa kusikilizwa, akaongeza:

"Ila mimi sijawahi kuipiga. Hata siku ya sikio. Wanaoipiga hawaitwi tena, mwanangu. Picha haisimamishwi."

Machachari aliinua shingo pale chini, akamtazama mjomba wake kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa siri.

Siku yenyewe walipiga picha kwenye nyumba ya kukodi. Madirisha yalizibwa kwa vitambaa vyeusi, nyaya zilitapakaa chini, na joto la taa lilikuwa la kuokea. Muuaji aliigizwa na nyota mmoja aliyeitwa Nyundo, mwanaume wa mikono minene, aliyependa kusema kwamba yeye haigizi, yeye anakuwa. Ukweli ni kwamba alikuwa anapiga watu, na kwa kuwa filamu zake zinauza, watu walisema ana kipaji.

Marehemu aliuawa asubuhi. Nyundo alimkandika ubavu kwa mpini wa kisu mara kadhaa, kwa nguvu kuliko mazoezi, na mara ya mwisho mbavu zikatoa mlio ambao haukuwa wa kuigiza. Marehemu akafumba mdomo, akaanguka, akafa. Wakamwagia damu ya bandia, sharubati nyekundu iliyomnatisha kwenye zulia. Akalala na shavu la kushoto chini, macho wazi, uso umeelekea pale ambapo mpwa wake angenyongewa, hatua mbili tu. Hapo akatakiwa kubaki, bila kupepesa, bila kupumua kwa kifua.

Picha ya kwanza ilikwenda kama walivyofanya mazoezi. Machachari alisema maneno yake, akaangushwa, akajinyonga vizuri kabisa.

"Kata!" Mwongozaji, kijana mwenye haraka, alishika kichwa. "Siamini. Naona mikono imewekwa tu. Nataka nimwonee huruma huyu binti."

"Niachie mimi," Nyundo alisema. Akamwinamia Machachari, akitabasamu. "Mdogo wangu, nikiingia kidogo tu, si utavumilia? Au nikuache uende kucheza na watoto?"

Machachari aligeuza macho akamtafuta mjomba wake pale chini kwenye dimbwi la sharubati. Na maiti ikaitikia kwa kichwa.

"Anza!"

Nyundo alimvamia kwa uzito wake wote. Kichwa cha binti kikagonga sakafu chini ya zulia. Mikono haikwenda begani. Ilizunguka koo, vidole gumba vikakutana mbele. Marehemu, kutoka alipolala, hakuweza kuona uso, maana mgongo wa Nyundo ulikuwa umeuziba. Aliona miguu na mkono mmoja. Mwanzoni alisikia mkoromo, ule aliomfundisha, akaridhika. Miguu ikapiga zulia, kiatu kikaruka. "Safi," mwongozaji alinong'ona nyuma ya kamera, "safi sana, usikate."

Kisha mkoromo ukakoma.

Anayejifanya kukabwa hupiga kelele, hiyo ndiyo kazi yake. Anayekabwa kweli hana pumzi ya kupigia kelele. Marehemu alilijua hilo, moyo ukamlipuka chini ya mbavu zilizovunjika, na bado hakuinuka. Miaka yote ile ya kufa ilikuwa imemlalia mgongoni. Alama ataipiga, alijiambia. Nimemfundisha alama.

Akauona mkono ukiinuka. Uliinuka polepole, vidole vimekunjuka, ukafika jirani kabisa na mkono wa Nyundo. Pale ukasimama hewani. Halafu vidole vikajikunja vyenyewe, kimoja kimoja, vikawa ngumi, na ngumi ikarudi chini kwenye zulia ikatulia. Hakuzidiwa hadi kushindwa kupiga. Aliamua kutopiga.

Maiti iliinuka. Zulia lilimng'ang'ania shavuni, likambandua ngozi. Marehemu hakuwahi kumpiga mtu maishani, alijua kupigwa tu, kwa hiyo ngumi yake haikuwa na ufundi wowote. Nyundo alipogeuza kichwa, ilianzia mgongoni mwa Marehemu ikamtua usoni pamoja na uzito wote uliokuwa nyuma yake. Pua ilivunjika. Na vidole viwili vya Marehemu vilivunjika. Nyundo aliinua mikono kujikinga, Marehemu akamrukia, akamkamata masikio yote mawili, akakipigiza kichwa kile kwenye mguu wa kochi, mara ya kwanza, ya pili, huku sharubati na damu ya kweli vikichanganyika hata mpambaji asingeweza kuvitenganisha. Walikuja wanaume watatu wa taa kumtoa. Na wao, lazima niseme, hawakuja mbio.

"Umefanya nini?" mwongozaji alipiga kelele. "Ilikuwa inaiva! Ungesubiri kidogo tu!"

"Angekufa."

"Si ndiyo ilivyoandikwa? Toka! Na usikanyage tena kazi yangu."

Marehemu alikuwa tayari amepiga magoti kando ya mpwa wake. Machachari alivuta hewa ikaingia kwa mlio wa mlango mbovu, akakohoa, akatapika kidogo pembeni, akavuta tena. Macho yake yalikuwa yamevilia damu. Alimtazama mjomba wake, na katika uso ule hapakuwa na shukrani hata chembe.

"Mjomba," alisema kwa sauti iliyokwaruzika, "mbona umesimamisha picha?"

Hilo lilimuuma kuliko mbavu. Akambeba.

Walipofika nyumbani jua lilikuwa bado linawaka. Dada alikuwa kwenye cherehani. Aliona kwanza damu kwenye shati la kaka yake, asishtuke, hiyo alishaizoea. Kisha mtandio ukateleza kutoka shingoni mwa binti yake. Alama za vidole zilikuwa zimejipanga pande zote mbili, nyekundu zikielekea kuwa nyeusi, na mbele, pale vidole gumba vilipokutana, pamevimba.

Cherehani ikanyamaza. Dada akasimama.

"Nani amemfanya hivi mwanangu?"

"Mama, ni Nyundo," Machachari alisema. "Na mjomba ameshampiga."

Lingekuwa jibu la kutosha. Lilikuwa la kweli, na Marehemu alikuwa na vidole vilivyovunjika vya kulithibitisha.

"Mimi, dada," alisema. "Alitaka kupiga alama, akakumbuka nilichomwambia. Nilimwona akikumbuka."

Dada alimsogelea mpaka wakabaki kama hatua moja. Mkono wa kushoto ukapanda. Marehemu aliuona tangu unaondoka kiunoni, akajua utapita wapi na utafika lini, na shingo yake, iliyokwepa makofi nusu ya maisha, ikaanza kugeuka yenyewe. Akaizuia.

Kofi lilitua upande wa kulia, kwenye sikio zima. Kwa muda hakusikia kitu, hata kilio cha mpwa wake, na midomo ya dada yake ilikuwa ikienda bila sauti. Kisha, kwa mbali, sauti ikarudi. Dada alikuwa akirudia neno lilelile moja, akimuuliza kama anamsikia.

"Nakusikia, dada," alisema, akainua mkono wenye vidole vizima, akampiga begani mara mbili, pa-pa.