Nyumba kwa Jina la Suleiman

Nnaikumbuka siku moja, mwanangu, siku ya joto la kuyeyusha funguo mfukoni, nimekaa mbele ya mwenye nyumba mmoja pale mtaa wa Wattaya, mjini Maskati, nimepakata bahasha nzito kama tofali. Nilikuwa na miaka thelathini na saba, nywele bado zipo, na majivuno ya kuwatosha watu kumi. Nilikuwa nimerudi kutoka Uingereza baada ya miaka kumi na minane, na cheti changu cha masomo ya usiku, masanduku sita, na mama yangu, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni tena.

Mama ndiye aliyetaka turudi. Alisema amechoka kukaa pahala ambapo adhana inatoka kwenye simu. Nyumba ile ya Wattaya ilikuwa ya chini, haina ngazi hata moja, na msikiti u hatua arobaini kutoka dirishani. Nikamwapia kuwa nitamchukulia hiyo hiyo.

Ndani ya bahasha mlikuwa na makaratasi ya kuezekea kijiji kizima: barua za wenye nyumba wa kule, risiti za kodi niliyolipa bila kuchelewa hata siku moja, umeme, maji, mpaka karatasi ya maktaba kuthibitisha kuwa vitabu nilivirudisha. Bwana Nasser, mwenye nyumba, mzee mtulivu wa tasbihi mkononi, hakuifungua. Akanieleza kwa upole kuwa anataka cheki nne za tarehe za mbele, za mwaka mzima, kama wanavyotoa wapangaji wote. Wa kabla yangu alihama kimya kimya akamwachia mlango mtupu, kwa hiyo sikuweza kumlaumu.

Cheki sikuwa nazo. Asubuhi ile ile nilikuwa nimetoka benki, na bibi wa dirishani alipoona jina langu kwenye kompyuta alinitazama kama maiti aliyerudi kudai sanda yake. Akaunti yangu ya ujanani ilikuwa imefungwa zamani kwa kutoguswa. Mpya wangenifungulia, lakini kitabu cha cheki mpaka mshahara upite hapo miezi sita. Uaminifu wangu wote ulibaki ng'ambo. Maskati nilikuwa mtu aliyezaliwa juzi.

Bwana Nasser akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamtajia ukoo wetu, uso wake ukafunguka.

"Ami yako Khalfan nnasali naye kila Ijumaa," alisema. "Mlete tunywe kahawa hapa, aseme tu kuwa anakujua. Cheki utanipa ukizipata."

Hapo ndipo nilipoharibu, mwanangu. Mke wa Ami Khalfan, Bi Salma, aliyenilea miaka miwili utotoni mama alipokuwa mgonjwa, alifariki mimi nikiwa Uingereza. Kutokuja mazikoni kuna udhuru, safari ni ndefu. Lakini hata simu sikupiga. Nilituma ujumbe wa maneno matatu, nikajiambia nitapiga kesho, kesho ikawa mwezi, mwezi ukageuka haya, na haya ikakaa miaka minne. Leo niende kwake, tena kwa shida ya nyumba? Nikamwambia Bwana Nasser sawa, nitamleta, nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Suleiman.

Suleiman alikuwa rafiki yangu wa skuli, mtumishi wa serikali, moyo mkubwa kama uwanja wa ndege. Alinicheka mpaka akashika ukuta. "Yakhe, umekwenda Ulaya miaka yote hiyo, umerudi huwezi kukodi hata banda la kuku?" Kisha akatia saini. Mkataba ukasajiliwa baladia, ofisi ya manispaa, kwa jina lake, cheki zake, umeme wake, maji yake. Mimi nikampa kodi yangu mkononi kila mwezi, basi. Miezi sita ilipotimia alinihimiza nikachukue kitabu changu cha cheki tugeuze mkataba. Alinihimiza tena mwezi wa nane. Nikamwambia kuna haraka gani, kwani wewe unakimbia?

Mama naye akaisoma nyumba kwa kiganja. Alikuwa na mazoea ya kujipaka mafuta ya nazi mikononi, kwa hiyo ukutani pakatokea mstari, kutoka kitandani kwake mpaka chooni, na kutoka chooni mpaka dirisha la upande wa msikiti. Wiki ya tatu alikuwa anatembea peke yake, kwa madaha, ukimshika anakupiga kofi la mkono. "Niache," atakwambia. "Nyumba hii inanijua."

Suleiman alikufa mwezi wa kumi na moja, barabarani, anarudi kazini. Hapo sina utani. Tulimzika alasiri, na mkewe bado yumo edani mkataba ukamalizika. Nikamwendea Bwana Nasser kuomba uandikwe upya kwa jina langu. Alikuwa keshampa ahadi mtu mwingine, mwenye cheki zake.

"Nimekaa kwako mwaka mzima," nikamwambia.

"Aliyekaa kwangu ni Suleiman. Wewe nilikwambia njoo na ami yako tunywe kahawa."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Aliomba jambo moja, ukuta upakwe rangi kabla ya kurudisha funguo. Nikanunua ndoo, nikapaka mwenyewe. Mama amekaa juu ya sanduku, ananusa, ananiuliza nnafanya nini. Nikamwambia nnasafisha. Mwanangu, katika mji mzima wa Maskati mstari ule ndio uliokuwa ushahidi pekee kwamba tuliwahi kukaa mahali, nami nikaufuta kwa mkono wangu.

Waliotupokea bila masuali mengi walikuwa na vyumba viwili juu ya karakana, mtaa wa Ghala. Nyundo kutwa, na adhana huisikii mpaka utoke nje. Siku ya nne nilikuwa jikoni nnachemsha chai. Mama akaamka akanyoosha kiganja kutafuta ukuta, pale ambapo kule Wattaya ulikuwapo. Hapakuwa na ukuta. Palikuwa na mlango niliouacha wazi, na nyuma ya mlango ngazi.

Alivunjika nyonga. Alilala hospitali siku kumi na tisa, na hakurudi.

Wa mwanzo kuingia matangani alikuwa Ami Khalfan, na bakora yake, kutoka kwake Sidab. Alikaa ubavuni mwangu siku zote tatu akipokea watu kama kwamba yeye na mimi hatukuwahi kupoteana. Siku ya mwisho watu walipopungua, nikamwomba radhi kwa ajili ya Bi Salma. Akaweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Miaka mitano nnakungojea unipe pole," alisema. "Na ishirini ningengoja. Wewe uliuogopa uso wangu, mzigo ukambebesha mama yako."

Nikainama nikambusu mkono.

Basi nisikilize, wewe unayefunga masanduku, iwe ya kwenda au ya kurudi. Akaunti yako ya nyumbani usiiache ife, ipitishie chochote, hata kiwe kidogo cha kuchekesha, ijue kuwa upo. Makaratasi ya ugenini yatunze, ila usidhani kuna mtu atayasoma. Ukirudi, benki iwe safari yako ya kwanza, kabla hujaenda kupunga upepo. Rafiki akikuazima jina lake, mshukuru, na ulirudishe angali hai. Nyumba anayolala mzee wako iandikwe kwa jina lako. Na kuna mtu hujampa pole yake, unamjua, uso wake unauona sasa hivi unaposoma. Nenda. Atakugombeza, utainama, itakwisha. Mji haukuandiki mpaka kuna mtu wa kusema anakujua, na watu hao ndio hao unaowaonea haya.

Mwenyezi Mungu akupe mlango wenye jina lako, na ukuta ambao mkono wa mama yako utaupitia mpaka siku yake aliyoandikiwa. Na akukinge, mwanangu, na siku ya kuupaka rangi ukuta ule.