Habari Iliyotoka Jikoni

Kazini walimwita Darubini, na jina lilimkaa, maana kazi yake ilikuwa kuwatazama washindani wao wa kiwanda cha pili cha rangi. Ukimwita mpelelezi alinuna hadi saa ya kutoka. Mpelelezi, alisema, huchungulia dirishani. Yeye hupita barabarani macho wazi. Mshindani akitangaza nafasi ya fundi wa mashine za kujazia, akipunguza bei madukani, akikodi ghala jingine, hayo yote yako hadharani. Kazi ni kuyaokota, kuyachuja, kuyaunganisha, kisha kumwambia mkurugenzi: hawa wanaelekea huku, nasi tufanye hivi. Habari isiyomsaidia mtu kuamua, alisema, ni umbea uliovaa tai.

Kila walipoajiriwa wauzaji wapya aliwaketisha katika chumba cha mikutano, kile chenye feni inayolalamika, akawapa kipimo kimoja tu. "Jiulizeni: huyu aliyenipa habari, angenipa kama angejua naipeleka wapi? Kama jibu ni hapana, iacheni. Hata ikiwa tamu vipi." Mtu anayehubiri usafi namna hiyo, mimi humwangalia kola.

Basi alikuwa na shemeji, mdogo wa mkewe, na huyo alifanya kazi kwa washindani hao hao, sehemu ya kufunga makopo. Utani wao haukuwa na breki. "Haya, fungeni midomo, shushushu kaja," shemeji husema akimwona mlangoni, naye humjibu kwamba kwa makopo yao yanayovuja hakuna cha kuiba.

Jumapili moja Darubini alikuwa sebuleni akipiga pasi shati la kazini, mkewe na shemeji wako jikoni wanamenya vitunguu, pazia tu katikati. Shemeji alikuwa akilalamika kwamba mkono unamuuma. Wiki nzima walikuwa wakijaribu vikopo vidogo, vya mtu anayetaka kupaka mlango mmoja tu, na vilitakiwa viingie madukani kabla ya mwisho wa mwaka. Darubini hakuuliza kitu. Pasi ilisimama tu mkononi, na shati likaungua mgongoni.

Hilo ndilo lililomponza, kwamba hakuuliza. Macho hayana pazia, alijiambia, sembuse masikio. Tena wakubwa walikuwa wamemchoka, wakisema taarifa zake ni zile zile za magazetini. Jumatatu akaandika habari ya vikopo vidogo. Kiwanda chao kikafanya haraka, kikatangulia madukani, mkurugenzi akampa mkono mbele ya wote. Wauzaji aliowafundisha wakampigia makofi. Alitabasamu, lakini aliona aibu, aibu hasa, ile ya kutamani ardhi ipasuke.

Shemeji alikuja jioni moja, muda si mrefu baadaye. Hakutania mlangoni. Alikaa kwenye kochi na mkoba mapajani, macho mekundu.

"Nimesimamishwa kazi," alisema. "Eti siri ya vikopo imetoka sehemu yetu. Wakaniuliza kama nina ndugu kule. Nikawaambia ninaye shemeji, lakini huyo ndiye anayewafundisha wenzake wasiibe habari za watu. Nimeapa kwa ajili yako, shemeji. Nisipomjua aliyeitoa, wananifukuza. Wewe ndiye fundi wa mambo haya, nisaidie."

Mkewe aliweka chai mezani, akaketi. Darubini alikitazama kikombe chake.

"Ni mimi," alisema.

Shemeji akacheka, mara ya kwanza tangu aingie. "Ah, shemeji, hata leo? Hebu acha utani, mwenzio nimefikwa."

Nisimsingizie: njia ya kutokea aliiona. Angecheka naye, angempa pole, angeahidi kuulizia huku na huko, na hakuna ambaye angejua. Utani wa miaka yote ulikuwa tayari kumficha. Aliona jinsi alivyotamani kufichika, na hapo aibu ikamzidi.

"Sitanii," alisema. "Nilikusikia siku ile jikoni, nikaipeleka kazini. Kesho asubuhi nitakwenda kwa wakubwa zako niwaambie wewe hukujua."

Kicheko kilimkatikia shemeji. Darubini aliyasubiri matusi, maana yangempunguzia aibu, lakini hayakuja. Shemeji alimgeukia dada yake.

"Dada, kumbe nikija hapa kuongea na wewe... Na wewe ulijua?"

"Hakujua," Darubini aliwahi kusema. "Naapa, hakujua lolote."

"Sijakuuliza wewe," alisema shemeji, macho yake bado kwa dada yake.