Makoye na Kadi ya Mwenye Tochi

Siku hizi ukimwuliza kijana wa Kharumwa habari za ngoma ya kulimia, atakutazama kama umemwuliza habari za Wajerumani. Kundi letu la bugobogobo lilikuwa na majembe arobaini na ngoma moja. Tulijipanga mstari mmoja katika shamba la mtu, mpiga ngoma akasimama mbele yetu, akawa anarudi kinyumenyume huku tukimfuata kwa majembe. Yeye hakulima hata tuta moja. Lakini chakula kilipoletwa, sahani ya kwanza ilikuwa yake, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mwaka mmoja aliugua, tukalima bila yeye. Jua lilizama hatujafika nusu ya shamba, tumegombana, na mwenzetu mmoja amejikata kidole cha mguu.

Mpiga ngoma huyo aliitwa Makoye, baba Esta. Ninamwandika kwa sababu najua hakuna mwingine atakayemwandika. Mimi mwenyewe niliishia darasa la pili. Kusoma nilijifunzia kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari dukani. Msomaji anisamehe nikikosea mahali.

Pamba iliposhuka bei, kundi lilikufa. Vijana walisikia dhahabu, wakaacha majembe yamelala palepale. Wazee tukacheka, kisha nasi tukawafuata. Mwaka 1995 mimi na Makoye tuliingia katika duara la Ngassa. Duara ni shimo la wachimbaji, na lile letu lilikwenda chini kuliko mnazi ulivyo mrefu. Makoye alikuwa na kifua kibovu, hakuweza kushuka. Ngassa akamweka juu, ashike kamba: apandishe mawe, ateremshe maji ya kunywa, asikilize chini kunasemaje. Kamba ikitikiswa mara moja, vuta. Ikitikiswa mara tatu, vuta mtu, na uvute upesi. Alinivuta hivyo mara mbili, udongo ukimwagika nyuma ya visigino vyangu.

Siku ya kugawana mawe, kila aliyeshuka alipata mfuko. Makoye alipata nusu mfuko.

"Wewe unakaa kwenye upepo, baba Esta," Bartholomeo alimwambia. Huyu alikuwa mchimbaji mwenzetu, kijana mwenye mdomo. "Kama upepo nao ungelipiwa, tungekudai."

Makoye alicheka. Jambo lililomkera zaidi ni lingine: kwa kawaida ya duara, jambo likipigiwa kura, anayenyoosha mkono ni anayeshuka. Mtu wa kamba hana mkono.

Mwaka 1997 zikaja betri za tochi zenye kadi ndani ya pakiti. Kila pakiti kadi moja, na kila kadi mnyama na namba ya nguvu zake: kifaru tisa, simba nane, nyati saba, mpaka chini kwa kanga na sungura. Sisi tuliishi kwa tochi, kwa hiyo kadi zilijaa kambini kama maganda ya karanga. Watu wazima wenye watoto wakaanza kubadilishana picha za wanyama, wakiitana majina kwa ajili ya kifaru. Niliona aibu, kisha nikacheza.

Mchezo ulikuwa hivi. Kila mtu ana kadi kumi. Mnaweka moja moja zimefunikwa, mnafunua, mwenye namba kubwa anachukua duru. Wa kwanza kufikisha duru sita ameshinda. Basi.

Ila kulikuwa na kadi moja isiyo na mnyama wala namba. Ilikuwa na picha ya mtu amenyanyua tochi, na chini yake maneno: huyu hapigani, ukimweka mezani, mwenzako lazima afunue kadi yake kwanza, ndipo wewe uchague yako. Ukishinda duru hiyo, anarudi mkononi mwako. Ukishindwa, amekwenda. Kambi nzima hakuna aliyemtaka Mwenye Tochi. Watu walimtumia kuwashia sigara. Ukiwa naye unaingia vitani na wapiganaji tisa dhidi ya kumi, na nani anataka hivyo?

Makoye alimtaka. Mvua za El Nino zilipoanza, maji yaliingia duarani siku mbili tu baada ya kuuona mwamba wenye rangi ya dhahabu. Tulishika ndoo wiki tatu, maji yakapanda. Kazi ikasimama. Makoye akakaa chini ya turubai na kadi zake, akacheza na kila aliyepita, na mimi nikamwandikia. Bila Mwenye Tochi, katika michezo ishirini alishinda tisa. Akiwa naye, kumi na minne.

"Si bahati?" nilimwuliza.

"Bahati ingekuwa inakuja na kuondoka. Tazama. Kifaru anashinda duru moja, basi, amekwisha. Huyu akiwashwa vizuri anashinda duru nne, tano, na kwa wanyama wadogo. Kosa la watu ni kumwasha mapema. Kifaru wa mwenzako akiwa bado yuko, unawasha, anamfunua, unampoteza wa tochi bure. Nyamaza. Acha kifaru wake apite. Akishapita, washa, na usizime tena."

Aliyasema hayo akigonga goti kwa vidole viwili, kama zamani, alipokuwa anangoja mstari unyooke kabla ya kuanza kupiga.

Ndipo ikasikika kwamba wakala wa betri ameandaa mashindano pale barazani kwa Bwana Kaushik, mwenye duka la vifaa, Kalangalala, Geita mjini. Zawadi ilikuwa pampu ya maji, ya dizeli, mpya. Ngassa alikuja mbio kutuambia, mtu mzima anahema. Pampu ile ingekausha duara kwa siku nne. Bila pampu tulikuwa tunatazama dimbwi lenye dhahabu chini yake. Tukakusanya kadi zetu zote, zikawa za duara, na Makoye akapewa kuzicheza, kwa kuwa hakuna aliyemfikia.

Tulikwenda sita. Makoye alishinda wa kwanza, akashinda wa pili, na wa tatu. Saa ya chakula walikuwa wamebaki wawili: yeye, na mama mmoja Mkurya aliyeitwa Ghati, mama lishe wa Segese, mwenye duara lake mwenyewe lililojaa maji kama letu. Alikuja na sufuria, akawa anapika palepale nyuma ya duka, na baadhi yetu tulikula kwake.

"Shikamoo, baba," akamwambia Ngassa.

"Marahaba, mama. Wali wako mtamu. Utalia jioni lakini."

"Nitalia, baba, mwanamke ameumbiwa kulia. Mimi nina vifaru wawili, wananichosha. Huyo mwanamume wenu wa tochi mnamtumia? Nipeni, niwape kifaru mmoja."

Kubadilishana kuliruhusiwa mpaka filimbi ipulizwe. Ngassa alituita pembeni karibu na mapipa ya mafuta ya taa, uso unang'aa.

"Mmesikia? Tunakuwa na vifaru wawili, yeye anabaki na mmoja. Na tunampa mtu asiyepigana!"

"Usimpe," Makoye akasema. "Mzee Ngassa, nakuomba. Huyu mama amekaa hapa asubuhi yote akinitazama mimi. Hakutazama sufuria yake hata mara moja. Amekwisha kuelewa."

"Ameelewa nini? Mpika wali?"

"Ameelewa ninachokwambia miezi miwili."

"Baba Esta, kila anayekaa duarani kwangu atoe mawe," Ngassa akasema. "Sina nafasi ya mtazamaji. Haya, mikono."

Bartholomeo akanyoosha. Wengine wawili wakanyoosha. Nami, niliyeandika kwa mkono huu hesabu ya tisa na kumi na minne, nilimtazama Ngassa, nikanyoosha. Ningependa kusema nilikuwa na sababu. Nilitaka kushuka tena duarani kwake maji yakikauka, basi. Makoye hakunyoosha, maana hakuwa na mkono.

Filimbi ikapulizwa. Duru ya pili Makoye alitoa kifaru wa kwanza, amefunikwa. Ghati alitutazama sisi tuliosimama nyuma ya Makoye, siyo yeye. Bartholomeo alikuwa anatabasamu kama bwana harusi. Ghati akaweka sungura. Kifaru wetu alikula sungura, tukashangilia.

Baada ya duru nne walikuwa mbili kwa mbili. Makoye alikuwa bado amemshika kifaru wa pili, na nilijua kwa nini: kifaru akiwa mkononi mwake, Ghati hathubutu kuwasha.

"Toa mnyama!" Bartholomeo akapiga kelele. "Unamfuga?"

"Anampaka mafuta," mtu wa Segese akadakia, baraza zima likacheka.

Makoye hakugeuka. Akaanza kugonga goti kwa vidole viwili. Ngassa akainama juu ya bega lake, akasema kwa sauti tuliyoisikia wote, "Kifaru ni wangu. Nimesema toa."

Makoye akatoa. Ghati akatazama nyuso zetu, akaweka kanga.

Tatu kwa mbili, sisi mbele. Ngassa akampiga Makoye mgongoni. Na palepale yule mama akafuta mkono kwenye nguo yake, akamweka Mwenye Tochi mezani, taratibu.

"Funua kwanza, baba Esta. Samahani."

Makoye akafunua chui. Ghati akachagua nyati. Akafunua fisi, Ghati akamzidi kwa namba moja. Akafunua nyati, akakutana na simba. Wa mwisho sikumtazama. Sita kwa tatu.

Bwana Kaushik akamkabidhi Ghati pampu, watu wa Segese wakaibeba juujuu kama maiti ya chifu. Ngassa alitangulia mpaka barabarani. Hapo akasema kwamba Makoye amecheza kama mtu aliyenunuliwa, na kesho kamba atashika mwingine.

Kesho yake asubuhi Ghati alikuja mwenyewe kambini, ametembea. Akamsalimu kila mtu, kisha akamwendea Makoye.

"Baba Esta, pampu inataka mtu wa kukaa juu. Asikilize injini, asikilize na walio chini. Mfuko mzima, na mkono kwenye kura."

Makoye akanitazama mimi, sijui alitaka niseme nini. Nilitazama viatu vyangu. Akaenda shimoni, akavuta kamba yote juu, akaikunja vizuri duara juu ya duara, akaiweka miguuni pa Ngassa. Kisha akachukua mkeka wake, akamfuata yule mama.

Ngassa alimpa Bartholomeo kamba. Alikaa nayo kandokando ya yale maji mpaka mwezi wa sita, hapakuwa na cha kuvuta, na hapo tukatawanyika. Ngoma ya Makoye niliikuta Kharumwa kwa shemeji yake, wanawekea mahindi ya kuku. Kadi za betri ziliacha kutoka mwaka uliofuata. Mimi nilibaki na kifaru mmoja, yule tuliyempata kwa Mwenye Tochi. Namtumia kuwa alama ya ukurasa ninaposoma, na kila nikifungua kitabu namkuta palepale, na tisa yake.