Mkono wa Kuchuna Chai

Kosa langu lilitokana na huruma. Mama alikuwa amemwagikiwa na maji yanayochemka ya githeri, mahindi na maharagwe, jikoni kwetu Wamagana, yakamuunguza mkono wa kulia kuanzia vidoleni hadi kwenye kifundo. Wodini Nyeri niliona kwamba vidole vikikunjwa havimuumi sana kama vikinyooshwa. Basi nikakunja leso laini, nikamshikisha, na kila nilipomtembelea nikahakikisha bado ameishika.

Muuguzi aliiondoa bila kunikaripia.

"Ukimwacha vile anasikia raha, mkono itapona ikiwa ngumi," akaniambia. "Ngozi ikipona inavuta. " Akamgeukia Mama: "Shosho, wewe huchuna majani chai na ngumi?"

Mama alicheka, kisha akautazama mkono wake. Ameishi kwa kuchuna chai, kwa vidole viwili, tangu aolewe. Kuanzia siku hiyo tulikuwa na swali moja tu: je, kidole gumba na cha shahada vitakutana tena?

Nilikuwa nikidhani aliyeungua anahitaji daktari mmoja na dawa ya kupaka. Daktari wa upasuaji alichukua ngozi pajani mwa Mama, nyembamba kama utando wa kitunguu, akaitandika juu ya kidonda. Nilimuuliza itaishije bila damu. Akaniambia kwamba siku za kwanza hunywa tu unyevu wa kidonda, kama mche uliohamishwa, hadi mishipa midogo iote na kuingia ndani yake. Bandeji ilipofunguliwa, ngozi ilikuwa imeshika, ya waridi.

Mtaalamu wa lishe akaja na habari ya mayai, kwa sababu mwili hujenga ngozi kwa chakula.

"Kuku zangu ni za kuuza," Mama akalalamika, lakini akala.

Kisha akaja mtaalamu mmoja wa tiba ya mikono. Alichovya kipande cha plastiki kwenye maji moto hadi kikalegea, akakiacha kipoe kidogo, halafu akakifinyanga juu ya bandeji, kiwe cha kunyoosha vidole.

"Ati maji moto iliniunguza, na dawa yangu pia mnaipika?" Mama akamuuliza.

"Tunaipika, shosho, lakini hii haina maharagwe."

Wiki nyingi baadaye, mazoezi yakiwa yamemtoa Mama machozi mara kadhaa, mtaalamu huyo wa mikono aliniagiza tawi la chai kutoka shambani. Nililiweka mezani mbele ya Mama. Kidole gumba kilipita jani, kikarudi. Mara ya kwanza alirarua tu. Mara ya pili vidole viwili vilikutana, tawi likalia *tik*, naye akabaki ameshika majani mawili na chipukizi, kama chai inavyochunwa.

Sote watatu tuliyatazama.

"Hii imekomaa sana," Mama akanigeukia. "Umeikata wapi? Kesho niletee laini."