Kisiwa Kisichotosha Wakwe Wawili

Ziwa lenyewe lilikuwa dogo, kati ya Midia na Lobule, karibu na mpaka wa Kongo, na mgeni angeweza kulipita kwa baiskeli akidhani ni mashamba yaliyofurika. Katikati yake palikuwa na kisiwa: mwamba mmoja, mti mmoja, nyasi za kutosha mbuzi wachache. Baba yake Adrabo alikuwa akivusha mbuzi huko kwa kuogopa fisi. Adrabo akarithi mbuzi, mtumbwi na ukimya wa mahali pale, na kama nchi ingemsahau, angekufa mchungaji.

Nchi haikumsahau. Mwaka 1971, serikali ilipobadilika, afisa mmoja kutoka Arua alisimama ukingoni, akayatazama maji kwa muda mrefu kama mtu anayesikiliza habari mbaya, akaamua kwamba ni lazima yalindwe. Kisiwa kikawa kituo cha jeshi la majini. Zililetwa bendera na tarumbeta, pamoja na askari watatu ambao hakuna hata mmoja wao aliyejua kuogelea. Kwa kuwa mtumbwi ulikuwa wa Adrabo, alipewa kofia nyeupe, akaambiwa kuanzia siku hiyo yeye ni baharia. Bahari hakuwa ameiona, wala hakuja kuiona.

Baada ya miaka mitatu askari walishindwa na mbu. Kisiwa kikawa mapumziko ya wakubwa. Ikajengwa nyumba ya bati, na friji ikavushwa kwa kufunganisha mitumbwi miwili, ingawa umeme haukuwepo hata ng'ambo. Adrabo, kofia ile ile kichwani, akawa meneja. Alihifadhi mahindi yake ndani ya friji, panya wasiyafikie. Wakubwa walikuja mara moja, wakanyeshewa, hawakurudi.

Kisha chumvi, sukari na sabuni zikapotea madukani, na wanawake wakaanza kuzibeba kichwani kutoka upande wa Kongo. Hayo yakaitwa magendo. Mwaka 1977 nyumba ya bati iliwekwa komeo kwa nje ikawa jela, na Adrabo akawa askari jela. Msimamizi wake alikuwa Sajini Ramathan, Mnubi wa Arua, mtu mcheshi asiyesamehe.

"Mufungwa akitoroka," alimwambia, "wewe unaingia ndani. Jela hawezi kukaa bure."

Mfungwa wa kwanza, na ikatokea kwamba ndiye wa pekee, aliletwa mchana kweupe. Adrabo alimtambua kwa miguu, maana miguu ndiyo aliyoruhusiwa kuifahamu. Alikuwa mama mkwe wake, Drateru, aliyemzaa mkewe Candiru.

Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Hali chakula mbele yake, hasemi naye moja kwa moja; wakikutana njiani, kila mmoja hujitupa majanini upande wake. Bara ni pana, na desturi hiyo haimchoshi mtu. Lakini kwenye kisiwa kile ungeweza kurusha kiatu kutoka ukingo huu kikaangukia maji ya ukingo wa pili.

Waligawana mwamba: mfungwa mashariki, askari magharibi. Chakula alikipeleka kinyumenyume. Mazungumzo yalipitia kwa mbuzi jike mzee ambaye hakuwa na mkwe.

"Mbuzi," Adrabo alisema, mgongo umeelekea mlangoni, "mwulize mama kama ugali umeiva."

"Mbuzi, mwambie mkwe wangu ugali huu ungeziba paa la kanisa. Na mboga haina chumvi. Chumvi yangu, nasikia, iko kwa Sajini, ni ushahidi."

Sajini alipokuja kukagua, alikuta mlango wazi na Adrabo amejibanza nyuma ya friji.

"Mufungwa iko wapi?"

"Iko nyuma ya mwamba, afande."

"Na wewe kwa nini iko hapa?"

"Mimi iko hapa kwa sababu yeye iko kule."

Sajini alifikiri kidogo. "Sasa nani analinda nani?" Akaondoka na mahindi mawili.

Candiru naye alikuwa akifika ukingoni na kumwita mumewe juu ya maji.

"Baba Igga, mama yangu anatoka lini?"

"Nikimtoa nitafungwa mimi."

"Basi fungwa. Wewe kisiwa umekizoea. Bila mama usikanyage kwangu."

Adrabo akawa hana pa kurudi, na mfungwa hana pa kwenda, na maji yakiwazunguka wote wawili kwa subira ile ile.

Mwaka 1979 jeshi lilivunjika. Milio ya bunduki ilisikika upande wa barabara ya Koboko, na wanajeshi waliokimbia wakajaa ukingo wa mashariki, wakitafuta chochote cha kuchukua. Mtu alimpigia Adrabo ukelele kutoka ng'ambo kwamba Candiru anangoja ukingo wa magharibi na watoto. Wanavuka kwenda Kongo, ila bila mama yake hatoki.

Mtumbwi ulikuwa mmoja, mwembamba. Drateru aliketi mbele akitazama mbele, Adrabo nyuma akitazama nyuma, akipiga kasia kwa kukisia. Mbuzi aligoma kupanda. Walipomwacha, waliacha pia njia yao ya pekee ya kusemezana.

Upepo uliugeuza mtumbwi polepole. Adrabo, macho chini, hakujua. Drateru aliwaona wanajeshi wakikua: kwanza kofia, kisha mikono, kisha midomo. Alikohoa. Adrabo alidhani ni kifua. Akakohoa tena kwa hasira, na mkwe wake, kwa heshima, akainamisha kichwa zaidi na kuongeza mwendo.

"Adrabo," alisema mama mkwe. "Geuka. Unatupeleka kwa bunduki."

Jina lake lilikuwa halijawahi kupita kinywani mle. Adrabo aligeuka, akakuta naye amemgeukia. Uso ulikuwa wa kawaida tu: macho ya Candiru yaliyozeeka, kovu dogo kidevuni, mwanamke mchovu anayetaka kwenda nyumbani.

"Ukimaliza kutazama," alisema Drateru, "piga kasia."

Akapiga, sasa wakitazamana, Drateru akimwelekeza kwa mkono, hadi milio ikabaki nyuma na matete ya magharibi yakawapokea.

Candiru alikuwa amesimama pale na watoto wake. Alipouona mtumbwi na walivyoketi, aliwageuza watoto mmoja mmoja kuelekea Kongo. Kisha naye akawapa mgongo, akangoja hivyo hadi aliposikia miguu minne imeshuka majini, ili siku yoyote akiulizwa aweze kusema kwamba hakuona kitu.